Kutoka kibanda umiza hadi video za wima

Kabla ya simu janja, sisi wa Kasokola tulitazama filamu kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje, na sauti ya mfasiri Lufufu akitusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Hodari sana yule! Kupiga picha zetu wenyewe hakuna aliyewaza.

Kisha ikaja simu ya kushika wima. Musical.ly, programu ya video fupi, iliunganishwa na TikTok mwaka 2018, na baadaye Kili Paul wa mkoa wa Pwani, na shuka lake la Kimasai, akajulikana hadi India kwa video zake. Vine, jukwaa jingine la video fupi, ilikuwa imeshafungwa mwaka 2017: watunzi wake maarufu 18 waliomba walipwe, wakakataliwa, wakahama.

Mnaojenga majukwaa mapya, walipeni watunzi, wa Kasokola wakiwemo.