Kimbangu: kuhurumiwa si kurudishiwa jina

Katika shule zetu watoto wanajifunza kama Simon Kimbangu alihurumiwa na mfalme wa Ubelgiji. Ni kweli, lakini ni kweli nusu. Kuhurumiwa ni kitu kimoja, kurudishiwa jina ni kingine, na kati ya hivi viwili ilipita karibu miaka 90.

Tukumbuke kwanza ginsi mambo yalivyokwenda. Mwezi wa 4, 1921, Kimbangu alianza kuombea wagonjwa kwao Nkamba, kule Bas-Congo. Watu waliacha kazi za wazungu, wakajaa kwake. Serikali ikaogopa. Mwezi wa 9 akakamatwa, akapelekwa Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, mbele ya tribinali ya kijeshi. Yeye hakuwa askari, na vita haikuwako! Hakupewa hata avoka. Tarehe 3 mwezi wa 10 akakatiwa hukumu: fimbo 120, kisha kifo.

Mfalme Albert I akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndiyo ile huruma. Kimbangu akaletwa huku kwetu Élisabethville, akakaa boloko mpaka alipokufa tarehe 12 mwezi wa 10, 1951. Huruma ilipunguza azabu, haikufuta kosa. Katika karatasi za serikali alibaki adui wa usalama wa inchi.

Wazee wetu walijua tofauti hii. Katika vijiji vingi, mtu akiisha kulipa mbuzi, wanakula naye mbele ya wote, na kosa lake halitajwi tena kwa sauti. Mbuzi bila ile chakula ya pamoja, mambo hayajaisha. Sheria ya mkoloni ilikomea kwenye mbuzi.

Wengine watasema mambo yaliisha tarehe 24 mwezi wa 12, 1959, serikali ilipokubali Kanisa la Kimbangu, ao mwaka 1960, mwili wake uliporudishwa Nkamba. Hapana. Kanisa lilipata ruhusa, mwili ukapata kaburi la kwao, lakini hukumu ilibaki nzima. Hata uhuru haukuigusa, maana hukumu haifi kwa sababu bendera imebadilika.

Ilibidi kungoja 2011, Tribinali Kuu ya kijeshi ya Kinshasa ilipofungua tena ile kesi na kufuta hukumu ya 1921. Kuna wanaocheka: maiti inafaidi nini? Sisi hatucheki. Anayebeba jina ni mutoto na mujukuu. Na tangu 2023, tarehe 6 mwezi wa 4 ni siku ya mapumziko katika inchi nzima.

Lakini kuna jambo linalotusumbua. Wafuasi wake wengi walihamishwa kwa nguvu, wengine mpaka Lowa, kando ya Lualaba, kwa barua ya utawala tu, bila kupita tribinalini. Hao hawana hukumu ambayo jaji anaweza kufuta.