Kwa nini ubongo wako una kufuli la kasumba?

Leo ukisikia mtu anataja kasumba, mara nyingi anazungumzia fikra mbaya zilizomkaa mwenzake kichwani zikagoma kutoka: kasumba ya kikoloni, kasumba ya kudharau cha nyumbani. Lakini neno hilo lina maana nyingine, ya kitu cha kushikika. Kasumba ni afyuni, utomvu uliokauka wa tunda la mpopi. Aliyelihamishia neno hilo kwenye fikra alijua anachokisema, maana afyuni nayo humkaa mtu na kugoma kutoka.

Sasa swali: inakaa wapi hasa? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 150 kupatikana. Ukishalijua, huenda ukamtazama kwa jicho lingine yule kijana wa mtaani kwenu ambaye kila mtu anamwita teja.

Kutafuta uzuri bila ubaya

Tuanzie mwanzoni mwa karne ya 19, mji wa Paderborn, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Msaidizi wa duka la dawa, Friedrich Sertürner, alikuwa anasumbuliwa na jambo moja. Afyuni ilituliza maumivu, ila mgonjwa mmoja akipewa kipimo fulani alilala, na mwingine kwa kipimo hichohicho hakuhisi kitu. Akaona lazima ndani ya utomvu ule kuna kitu kimoja kinachofanya kazi, na kiasi chake kinabadilika. Kufikia 1805 alikuwa ameshakitenga. Baadaye alikijaribu mwilini mwake mwenyewe na kwa vijana watatu, nusura wadhurike vibaya, na mwaka 1817 akachapisha matokeo. Kitu hicho tunakiita mofini, kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale.

Hapo ndipo ilipozaliwa tamaa iliyowasumbua wakemia karne nzima: kupata dawa inayotuliza maumivu kama mofini lakini isiyomteka mtu. Mwaka 1874, jijini London, C. R. Alder Wright aliichemsha mofini pamoja na kemikali nyingine akapata kitu kipya. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikakitengeneza upya mwaka 1897, na mwaka uliofuata ikaanza kukiuza kama dawa ya kikohozi. Jina la biashara lilikuwa Heroin. Naam, ndiyo hiyohiyo. Wengi waliamini kwamba haingeleta utegemezi kama mofini. Kumbe heroini huingia ubongoni haraka kuliko mofini, na ikiwa mwilini hugeuka kuwa mofini tena. Mwaka 1913 Bayer iliacha kuitengeneza, ila wengine waliendelea.

Wakemia hawa hawakuwa wajinga. Walijua vizuri umbo la ufunguo, lakini hakuna aliyekuwa ameliona kufuli.

Kuku wa Cambridge

Wazo la kufuli lilitoka kwingine kabisa. Mwaka 1905, huko Cambridge, John Newport Langley alikuwa anachunguza nikotini. Akimpa kuku nikotini, misuli yake ilikaza. Akimpa kurare, sumu ambayo wawindaji wa Amerika ya Kusini hupaka kwenye mishale, nikotini haikufanya tena kazi. Wengi walidhani mambo hayo yote yanatokea kwenye ncha ya neva. Langley akakata neva, akasubiri mpaka ncha zake zikafa, kisha akatia nikotini. Msuli ukakaza vilevile!

Basi nikotini haikuhitaji neva. Lakini haikuwa inagusa nyama ya msuli moja kwa moja pia, kwa sababu msuli uliopewa kurare bado ulikaza ukipigwa umeme. Langley akahitimisha kwamba kati ya neva na nyama kuna kitu cha tatu, kitu kinachopokea. Wakati huo kule Ujerumani, Paul Ehrlich, aliyekuwa anachunguza sumu za bakteria na kinga ya mwili, alikuwa ameshaanza kutumia neno ambalo sisi tunalisema kipokezi. Hoja yake kubwa ilikuwa rahisi: dawa isiposhika mahali, haifanyi kazi.

Leo tunajua kwamba vipokezi vingi ni protini zilizochomekwa kwenye utando wa seli. Molekuli ikikaa vizuri kwenye kipokezi, seli inapata ujumbe ndani. Molekuli nyingine huingia kwenye tundu lilelile lakini haizungushi kitu. Inaziba tu, kama ufunguo uliokwama. Kurare inafanya hivyo kwa kipokezi cha Langley. Kwa upande wa mofini, kizibo maarufu ni naloksoni, iliyobuniwa na Jack Fishman na Mozes Lewenstein wa Marekani, walioombea hataza mwaka 1961.

Mwanafunzi aliyelipata kufuli

Kila mtu alihisi kwamba mofini ina kipokezi chake. Dalili mojawapo ilikuwa hii: baadhi ya dawa za jamii hii zina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kemia ileile, uzito uleule, lakini umbo moja linatuliza maumivu na la pili halitulizi. Ni sawa na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Jambo kama hilo halitokei bila kuwepo mahali penye umbo maalumu.

Tatizo likawa kulithibitisha. Ukimwaga dawa kwenye ubongo uliosagwa, inanata kila mahali. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Candace Pert, akiwa na msimamizi wake Solomon Snyder, alitumia naloksoni iliyotiwa mnururisho. Naloksoni hushika kwa nguvu, hivyo akaweza kuosha ile iliyonata ovyo, kisha akapima mnururisho uliobaki. Dawa kali za jamii ya afyuni ziliing'oa naloksoni kwa urahisi, zile dhaifu kwa shida, na maumbo yasiyotuliza maumivu karibu hayakuiondoa kabisa. Mwaka huohuo Eric Simon wa New York na Lars Terenius wa Uppsala, Sweden, walipata jibu lilelile.

Kwa sisi tulio bado masomoni, kuna kipande cha hadithi hii chenye uchungu. Mwaka 1978 tuzo ya Lasker ilipotolewa kwa kazi hii, Snyder alipewa, Pert hakupewa. Alilalamika waziwazi, na mjadala wa nani hutajwa na nani husahaulika maabara haujaisha hadi leo.

Kufuli la nani?

Sasa fikiri kidogo. Kwa nini mwili wa binadamu uwe na kufuli kwa ajili ya utomvu wa ua? Jibu pekee lenye akili ni kwamba mwili una ufunguo wake wenyewe, na mpopi umeuiga.

Ufunguo huo ulipatikana Aberdeen, Scotland. Hans Kosterlitz, aliyehama Ujerumani ya Wanazi mwaka 1934, alikuwa na kipimo cha ajabu kidogo: kipande cha utumbo wa simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura, kinachopigwa umeme kikawa kinajikunja. Mofini hupunguza kujikunja huko, naloksoni hukurudisha. Yeye na John Hughes wakachukua bongo za nguruwe kutoka machinjioni, wakazisaga na kuzichuja, wakamwagia utumbo huo. Ukatulia kama umepewa mofini. Wakaongeza naloksoni, ukaanza tena. Mwaka 1975 walitangaza peptidi mbili, kila moja ya amino asidi 5 tu, zikitofautiana ya mwisho peke yake. Wakaziita enkefalini. Kosterlitz alikuwa na miaka 72.

Mwili hutoa vitu hivi kidogokidogo, pale panapohitajika, na vimeng'enya huvivunja haraka. Mofini na heroini hazivunjwi namna hiyo. Zinakuja kwa wingi, zinafungua kila mlango kwa saa kadhaa. Na milango iko mingi. Ipo kwenye uti wa mgongo, ambako maumivu hupunguzwa. Ipo kwenye sehemu za ubongo zinazotupa raha. Ipo kwenye shina la ubongo, linaloendesha pumzi, ndiyo maana kipimo kikizidi mtu huacha kupumua. Ipo hata tumboni. Loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha unayoinunua duka la dawa, inakamata kipokezi hichohicho cha mofini kwenye utumbo. Kwa kipimo cha kawaida hailevyi kwa sababu ubongo huisukuma nje.

Ile tamaa ya wakemia je? Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walichapisha habari za panya waliozaliwa bila kipokezi kimoja, kile kiitwacho mu. Walipopewa mofini, panya hao hawakupata nafuu ya maumivu. Wala hawakuitafuta raha yake, wala hawakupata utegemezi. Vyote vitatu vilikuwa vinapita mlango mmoja. Hapo ndipo unaelewa kwa nini heroini haikuweza kuwa mofini isiyo na ubaya.

Arosto si ukosefu wa haya

Fikiria dereva anayeendesha huku breki imekanyagwa siku nzima. Atazoea kukanyaga mafuta zaidi. Siku breki ikiachiwa ghafla, gari linaruka. Seli zako hufanya hivyo. Heroini inapozituliza kila siku, zinajirekebisha kwa kuongeza kasi ndani. Heroini ikiondoka, kasi inabaki. Hiyo ndiyo arosto: aliyekuwa anafunga choo sasa anaharisha, aliyekuwa anasinzia sasa halali, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, mifupa kuuma. Ni seli zinazodai kitu zilichozoea, na mahubiri hayazifikii.

Ndiyo sababu methadoni inasaidia. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuijaribu New York miaka ya 1960. Inakaa kwenye kipokezi kilekile, lakini inanywewa, inaingia polepole na kudumu zaidi ya saa 24, hivyo mtu hapandi wala haporomoki. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari. Utasikia watu wakisema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Ni kweli kipokezi ni kimoja. Tofauti ni kwamba anayekunywa kikombe chake asubuhi mbele ya muuguzi anaweza kwenda kazini, hachangii sindano na mtu, na haamki akiwaza arosto.

Jambo moja la mwisho ulibebe. Mtu akiacha unga kwa wiki kadhaa, labda alikuwa jela au kwao kijijini, seli zake hurudi kwenye hali ya zamani. Akirudia kipimo alichokizoea, kinaweza kusimamisha pumzi yake. Ukimkuta amelala, haamki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, usimwache ukadhani amelewa tu. Mkimbize hospitali. Naloksoni ikiwahi, inakitoa kile kilichokaa kwenye kufuli, na pumzi inaweza kurudi ndani ya dakika chache. Asiachwe peke yake hata akizinduka, maana naloksoni huisha nguvu mapema na heroini inaweza kurudi kukaa palepale.