Kufundisha Mazoea: Tiba ya Mtindo wa Maisha Mtandaoni Vyuoni

Tiba ya mtindo wa maisha ni tawi la utabibu linalokinga na kutibu magonjwa yasiyoambukiza, kama kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, kwa kurekebisha mwenendo wa kila siku. Nguzo zake ni sita: chakula, mazoezi ya mwili, usingizi, kudhibiti msongo wa mawazo, kuepuka vilevi na tumbaku, na uhusiano mwema na watu. Nguzo hizo hutikiswa sana chuoni, kwa kuwa hapo ndipo kijana anapoanza kujipangia mwenyewe saa ya kulala na sahani ya kula.

Kozi nyingi za afya zinazotolewa mtandaoni ni mihadhara iliyorekodiwa na maswali ya kuchagua jibu. Mwanachuo anaweza kuitazama huku soda na chipsi mayai viko mezani, akajibu kwa usahihi kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku na mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, kisha akanyunyiza chumvi tena. Elimu anayo, kinachokosekana ni mazoea.

Mazoea yana kanuni zake. Mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua tendo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akaliambatanisha na jambo la kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wale ambao mwenendo wao wa kuzoea ulionekana waziwazi, tendo lilikaribia kujiendesha lenyewe baada ya siku 66 kwa makadirio ya kati. Makadirio hayo yalianzia siku 18 hadi 254, mengine yakipita muda wa utafiti wenyewe. Kunywa maji kulizoeleka upesi kuliko mazoezi ya viungo, na kuruka siku moja hakukuharibu kazi.

Muhula wa wiki 15 una siku 105, muda unaowatosha wengi kukuza tendo moja. Kwa hiyo kozi ijengwe juu ya tendo hilo, na mihadhara ilitumikie. Katika wiki ya kwanza mwanachuo aandike azimio lenye wakati na mahali: “Nikishapokea chakula kwa mama lishe, nitaagiza maji badala ya soda.” Kila jioni atie alama moja kwenye simu, na kila wiki aeleze kwa sentensi chache kilichomkwamisha. Hapo mtandao unalishinda darasa, maana humfuata mwanafunzi hadi jikoni na kitandani, mahali mazoea yanapozaliwa.

Upimaji nao ubadilike. Maksi zikitolewa kwa uzito uliopungua au kwa siku zilizofaulu, wanafunzi watajaza uongo, na wenye miili minene wataaibishwa. Maksi zitolewe kwa kumbukumbu kamili na uchambuzi wa kweli, hata pale tendo liliposhindikana.

Ratiba ya kozi pia hufundisha. Kozi inayohimiza kulala kwa muda wa saa saba au zaidi, lakini inayofunga kupokea kazi saa 5:59 usiku, hujipinga yenyewe. Saa 12 jioni inafaa zaidi. Video ndefu humaliza bando na kumgandisha mtu kitini. Sauti ya dakika kumi yaweza kusikilizwa akitembea kwenda kituo cha daladala.

Hata hivyo, mtandao hauuzi matunda wala hauwashi taa za njia ya kukimbilia. Mwanafunzi asiye na fedha ya mboga hakosi nidhamu, na kozi isimhukumu. Sentensi zake za kila wiki, zikikusanywa bila majina, huonyesha uongozi wa chuo vikwazo vilipo: mgahawa usio na matunda, bweni lenye kelele usiku kucha, maji ya kunywa yanayouzwa ghali kuliko soda. Vikwazo hivyo huondolewa na chuo, si na mwanafunzi.