Maji Huchukua Kilicho Bora Kwanza

Leo sitasema habari za mbegu wala dawa za wadudu. Nataka tuzungumze historia, tena historia ya udongo wenyewe na safari zake. Mkulima asiyejua udongo wake ulikotoka, atajuaje unakokwenda?

Mzee mmoja aliniuliza swali ambalo wengi wenu mnalo moyoni. Alisema, “Bwana shamba, hapa baba yangu alilima mtama akajaza ghala. Mimi nalima palepale, na mvua zinanyesha, lakini navuna madebe ya kuhesabu. Mwizi wangu ni nani?”

Sikumjibu kwa maneno. Nilimwomba chupa mbili nyeupe zenye mdomo mpana. Ya kwanza tukatia udongo wa shamba lake lililo mtelemkoni. Ya pili tukatia udongo wa kule bondeni, mahali maji ya mvua yanapotulia. Tukajaza maji, tukafunika, tukatikisa kwa nguvu, kisha tukaziweka chini ya mti zisiguswe.

Nawe jaribu, ndugu mkulima, halina gharama. Changarawe na mchanga hutua hapohapo, kabla hujamaliza kuhesabu hadi ishirini au thelathini. Kisha hufuata tope laini, ambalo chembe zake ni kama unga. Kama maji yana kina cha sentimita 10, chembe kubwa za tope hilo hutua kwa dakika 5 hivi. Mfinyanzi ndio wa mwisho. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, na kushuka sentimita 10 hizohizo huchukua saa 8 au zaidi. Juu kabisa utaona vipande vya majani na mizizi iliyooza vikielea. Hiyo ni mboji.

Chupa ya shamba la mzee ilikuwa karibu yote mchanga, na maji yake yakaanza kung'aa mapema. Chupa ya bondeni ilibaki na rangi ya kahawia mpaka kesho yake asubuhi. Mzee akazitazama zote mbili, akasema, “Kumbe mali yangu iko kule chini.” Naam, mwizi tulikuwa tumemwona.

Sasa basi, maji yanachaguaje? Jambo hili mama zetu wanalijua tangu zamani. Mwanamke anapopepeta mtama kwa ungo, upepo huchukua makapi na punje nzito hurudi ungoni. Maji nayo hupepeta udongo. Yakienda kwa kasi hubeba hata mawe. Yakipunguza mwendo huangusha mawe, kisha changarawe, kisha mchanga. Chembe ndogo sana huendelea na safari, wala hazitui mpaka maji yasimame.

Mwaka 1851 mtaalamu mmoja wa Uingereza, George Gabriel Stokes, aliweka jambo hili katika hesabu. Alionyesha kwamba chembe ndogo ikiwa na upana mara mbili ya mwenzake, hushuka kwa kasi mara nne. Ikiwa na upana mara kumi, hushuka kwa kasi mara mia. Ndiyo sababu ya zile dakika 5 na zile saa 8. Mpaka leo katika vyuo vya kilimo tunapima udongo kwa kufuata kanuni hiyo.

Lakini si ukubwa peke yake. Uzito wa kitu chenyewe pia una kazi. Mchanga wa kawaida ni mzito kuliko maji mara mbili na nusu hivi. Dhahabu ni nzito kuliko maji mara kumi na tisa. Wachimbaji waliokwenda Lupa, huko Chunya, katika miaka ya 1920 na 1930, walizungusha mchanga na maji ndani ya karai. Mchanga ukamwagika, dhahabu ikabaki chini. Mchimbaji alifurahi, kwa sababu mali yake ndiyo iliyokuwa nzito. Msiba wetu wakulima ni kwamba mali yetu ndiyo nyepesi. Mboji ni nyepesi, mfinyanzi ni mdogo, na hivyo viwili ndivyo vinavyoshika maji na chakula cha mmea. Punje ya mchanga ni kijiwe tu. Katika karai la mkulima kinachomwagika ni dhahabu, kinachobaki ni mchanga.

Wazee wetu walijua mpango huu kabla ya vyuo. Wasukuma, kwa mfano, wana majina ya udongo tangu kilimani mpaka bondeni: luguru ni ule wa mawe huko juu, luseni ni wa kichanga katika mtelemko, itogolo uko chini zaidi na ni mgumu, kisha mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Kila mmoja una zao lake. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, aliandika kwamba katika Afrika Mashariki aina za udongo hufuatana hivyo kutoka kilele hadi bonde, mlima baada ya mlima. Mfuatano huo akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Neno hilo lilienea duniani kote, na wanafunzi wa udongo wanalisoma hadi sasa. Maji yana sehemu kubwa katika kuutengeneza mnyororo huo.

Haya, kama ni kazi ya asili, kwa nini tulalamike? Kwa kujibu, twende Kondoa, katika milima ya Irangi.

Huko makorongo yalikata vilima mpaka nyumba nzima ingeweza kuzama ndani. Watafiti waliingia katika makorongo hayo wakasoma kuta zake kama kitabu. Tabaka la changarawe liliwaambia kuwa maji yalipita kwa nguvu. Tabaka la mfinyanzi, kuwa yalitulia. Wakapima punje za mchanga kujua lini ziliona mwanga wa jua kwa mara ya mwisho. Wakakuta kwamba mmomonyoko wa huko ni wa kale sana. Sehemu yake ilitokea zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Lakini wakakuta pia kwamba katika miaka kama 900 hii ya mwisho kasi iliongezeka, wakati ambapo binadamu alikuwa amekwisha kufyeka, kulima na kuchunga.

Mkulima wa Kondoa alipigwa mara mbili. Shamba la juu lilipoteza udongo laini, uliokwenda mbali na maji. Mchanga mzito haukufika mbali. Ulitua chini ya kilima na kufunika mashamba mazuri ya bondeni. Mto uliokuwa mwembamba ukageuka uwanja mpana wa mchanga.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuzuia. Watu walichimba matuta kwa amri, na kazi ya amri ilichukiwa. Uhuru ulipokaribia, iliachwa. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kukanyaga na kula majani. Ndipo mwaka 1979 ilipoamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,256.

Ndugu zangu, tusiseme jambo hili kwa wepesi. Wako waliohama na ng'ombe wao wakaacha makwao. Waliobaki walikosa maziwa ya watoto na samadi ya shamba. Hata hivyo majani yalirudi, vichaka vikaota, na mito ya mchanga ikaanza kupungua upana. Baadaye wakulima wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache zizini, na kuwakatia majani.

Mimi najifunza hivi: gharama ya kungoja ni kubwa. Anayezuia maji mapema hutumia jembe. Aliyechelewa hulazimika kuacha ng'ombe wake.

Basi tufanye nini? Usitafute dawa ya kurudisha mfinyanzi uliokwisha kwenda, zuia uliobaki. Lima kwa kukingama na mtelemko, usilime kutoka juu kwenda chini. Chimba makinga maji kwa kufuata kontua. Mwite bwana shamba au bibi shamba akusaidie kupima. Kwenye kingo za matuta panda majani ya tembo au vetiva, ili maji yapunguze mwendo. Yakipunguza mwendo yataangusha mzigo wake ndani ya shamba lako badala ya kuupeleka mtoni. Usichome mabua, yatandaze. Samadi usiiache juu ya ardhi tupu, maana ni nyepesi na mvua ya kwanza itaichukua, ifukie.

Yule mzee alianza na tuta moja katikati ya shamba. Baada ya mvua tulichota udongo uliokuwa umetua nyuma ya tuta, tukautia katika chupa yake ileile. Maji yalibaki na rangi hadi jioni. Hakusema kitu. Alichukua kamba na vijiti, akaenda kupima tuta la pili.

Mvua za kwanza zikinyesha, ndugu mkulima, nenda ukatazame kijito kilicho chini ya shamba lako. Kama maji ni ya kahawia, usiseme mto umejaa tope. Jiulize ni shamba la nani linalopita.