Usafi na usalama wa mashine ya CPAP

Mashine ya CPAP ni kifaa cha kupuliza hewa anachokivaa usiku mtu ambaye pumzi yake hukatika usingizini. Akilala, nyama laini za koo hulegea na kuziba njia ya hewa kwa sekunde 10 au zaidi. Hukoroma, hunyamaza, hushtuka akitweta, kisha hali hujirudia hadi alfajiri. Mashine huvuta hewa ya chumbani, huichuja, na kuisukuma kwa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Hewa hupita katika mpira wenye urefu wa karibu mita 1.8, ikaingia kwenye barakoa na kuliweka koo wazi. Mashine hiyo ilibuniwa Sydney, Australia, na daktari Colin Sullivan. Mgonjwa wa kwanza aliitumia mwaka 1980, na mwaka uliofuata matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet. Pampu za mwanzo zilitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize, na barakoa ilibandikwa usoni kwa gundi ya silikoni kila usiku. Anayelalamikia kuosha barakoa ya leo angemwonea huruma mgonjwa yule.

Uchafu huingia kwa njia tatu. Ngozi huacha jasho na mafuta kwenye barakoa, pumzi huacha unyevu na mate ndani ya mpira, na chumba huleta vumbi, moshi na wadudu. Ukipitisha kidole ndani ya barakoa iliyokaa siku tatu bila kuoshwa, utagusa utelezi mwembamba kama ukoga wa meno ya asubuhi. Humo ndimo bakteria hujishikiza. Mafuta hayo pia huifanya barakoa iteleze, hewa ivujie machoni, na mtumiaji akaze mikanda mpaka ngozi ya pua ichubuke.

Maji

Mashine nyingi zina tangi dogo la kulainisha hewa, na matatizo mengi huanzia hapo. Watengenezaji hutaka litiwe maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, kwa kuwa madini yote yamebaki nyuma. Maji ya bomba au ya kisima huacha chokaa nyeupe, ileile iliyo ndani ya birika la chai, na anayechota kisima cha maji ya chumvi huiona upesi zaidi. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini. Mvuke ukipotea, madini yaliyosalia huwa mengi kwa kila kikombe. Maji ya chupa ya kunywa nayo huacha chokaa.

Kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri huuzwa maji ya betri, na hapo inafaa kuwa macho. Jina hilo hupewa maji yaliyokenekwa, lakini pia hupewa asidi ya salfa iliyozimuliwa, ambayo mafundi huiita maji makali, na chupa zake hufanana. Hata yasiyo na asidi yametayarishwa kwa ajili ya betri, si kwa pua ya mtu. Asiyepata maji yafaayo katika famasi au duka la vifaa vya maabara anaweza, kwa mashine nyingi, kuzima sehemu ya unyevu na kulala na hewa kavu kwa siku chache. Koo litakauka, ila mashine itaendelea kufanya kazi.

Maji ya jana humwagwa asubuhi, hata kama tangi bado limejaa nusu. Joto la tangi, giza na maji yaliyotuama ni makao mazuri ya kuvu. Tangi humwagwa pia kabla ya kuihamisha mashine, maana ikiinamishwa maji hurudi kwenye mota.

Kuosha

Barakoa huoshwa kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo isiyo na manukato makali, ikasuuzwa vizuri. Kwa mpira, tangi na mikanda hutosha mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi mtumiaji akiwa na mafua. Chokaa huondolewa kwa siki nyeupe: kipimo kimoja cha siki kwa tisa vya maji, kwa dakika 10 hivi. Jiki, spiriti na mafuta ya kunukia havifai, kwani huchakaza silikoni na harufu yake huvutwa usiku mzima.

Mpira ndio unaosumbua kuukausha. Shika ncha moja nje ya nyumba, uuzungushe kama kombeo mpaka matone yaishe, kisha uuning'inize kivulini ncha zote mbili zikitazama chini. Jua kali hukakamaza plastiki.

Chujio lililo nyuma ya mashine hukaguliwa kila mwezi na kubadilishwa angalau kila miezi sita, mapema zaidi penye vumbi la barabara. Yale ya karatasi hayafuliwi. Chujio huzuia vumbi tu: moshi wa koili ya mbu, dawa ya kupuliza na udi hupenya. Udi ufukizwe mchana, mashine ikiwa imezimwa.

Ozoni na sifongo iliyooza

Yapo masanduku yanayouzwa kwa ahadi ya kusafisha CPAP bila maji, kwa gesi ya ozoni au mwanga wa urujuanimno. Februari 2020, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba haikuwa imeidhinisha hata moja kwa kazi hiyo. Ozoni ya kuua vijidudu lazima iwe nyingi kupita kiwango salama kwa mapafu, na inayobaki ndani ya mpira husababisha kikohozi na kubana kifua. Mwanga nao haufiki kwenye mikunjo ya mpira. Beseni na sabuni hufanya kazi bora kwa gharama ndogo zaidi.

Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake. Sifongo ya poliyurethani iliyowekwa ndani kupunguza kelele ilikuwa ikioza na kuachia chembe nyeusi na gesi kwenye njia ya hewa. Joto na unyevunyevu viliharakisha uozo huo, na kampuni ilisema ozoni huuzidisha. Aprili 2024 amri ya mahakama ilizuia uuzaji wa mashine zake mpya za usingizi nchini Marekani.

Habari hizo zinamhusu moja kwa moja anayetumiwa mashine ya mtumba na ndugu aliye ughaibuni. DreamStation ya Philips ya kizazi cha kwanza iliyotengenezwa kabla ya 26 Aprili 2021 ilikuwa miongoni mwa zilizorudishwa, na kuisugua nje hakuisafishi sifongo iliyo ndani. Namba iliyo chini ya mashine ilinganishwe na orodha ya zilizorudishwa kabla ya usiku wa kwanza. Mpira na barakoa vya mtu mwingine havirithiwi.

Sumaku na umeme

Baadhi ya barakoa hufungwa kwa vifungo vya sumaku. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au kipandikizi kingine kinachoathiriwa na sumaku, anapaswa kuziweka sumaku hizo umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho, na anayelala naye kitanda kimoja vilevile.

Umeme ukikatika, barakoa inayofunika pua na mdomo hutegemea valvu ndogo inayofunguka ili mvaaji avute hewa ya chumbani. Mabaki ya sabuni yaliyokauka huweza kuigandisha. Baada ya kuosha, ishikwe mbele ya dirisha: kipande chake cha silikoni kinapaswa kucheza huru, bila ufa wala gamba jeupe.