Bakuli ya Lubunga: Wazee Wetu wa Fizi na Baraka, Jana na Leo

Sisi wana wa Fizi, tukitaja neno lubunga, watu wazima wanaona mara moja ile nyumba ya katikati ya kijiji, moto unawaka ndani, wanaume wameuzunguka. Watoto wetu waliozaliwa kambini Nyarugusu ao Lugufu wanaisikia tu kama hadisi. Ndiyo sababu tunaanza nayo, mbele ya kuzungumuza pensheni.

Wengi wakieleza lubunga wanasema ilikuwa tribinali ya Babembe: pale walikata maneno ya mashamba, ya mahari, ya damu. Ni kweli. Lakini wanasahau bakuli. Wanawake walileta chakula kutoka kila jiko, na wanaume walikula pamoja. Muzee ambaye bibi yake amekufa na watoto wako mbali alinyoosha mukono kwenye sahani ile ile, ugali na ndagala kama wengine. Hakuna aliyemuuliza: wewe umeleta nini? Hakuomba. Hiyo ndiyo ilikuwa kasa yetu ya wazee, bila kartasi wala muhuri. Kwa wamama wazee, tusidanganyane, mambo yalikuwa mengine. Wao hawakukaa lubunga. Walitegemea jiko la binti ao la muke wa mutoto wao, na kama jiko lile lina ugomvi, walilala njaa.

Wabelgiji wakaleta mushahara. Vijana wakaenda Kalemie, wakati ule ikiitwa Albertville, kwenye reli na kwenye kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Wengine Kiliba kwenye sukari. Waliosoma wakawa walimu na makarani. Mwaka 1956 serkali ya kikoloni iliweka pensheni ya wafanyakazi, na tarehe 29 mwezi wa 6 mwaka 1961, Kongo ikitimiza mwaka mmoja wa uhuru, INSS ikazaliwa. Mufanyakazi alikatwa kidogo kila mwezi, bwana kazi akaongeza yake, ili uzee ukifika mutu asihangaike. Wazo lilikuwa zuri. Ila muvuvi wa Ubwari na mulimaji wa Lulenge hawakuwamo, kwa kuwa hakuna aliyewalipa mushahara, na hao ndio walikuwa wengi kwetu.

Hata waliokuwamo, feza iliwakimbia. Mwaka 1993 zaire za zamani milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franga 1. Pigeni hesabu wenyewe: franga moja ilimeza zaire za zamani miliari 300! Yule aliyekatwa mushahara tangu miaka ya 1970, alibaki na nini?

Halafu kartasi. Fizi ilipitia uasi wa 1964, ikapitia vita vya 1996 na vya 1998. Watu walivuka ziwa usiku kwenda Kigoma, na ni kutoka mwezi wa 10 mwaka 2005 ndipo meli za HCR zilianza kuwarudisha bandarini Baraka. Leo muzee akifika kwenye buro anaombwa matrikule na barua ya kuingia kazi. Mutu aliyetoroka na mutoto mgongoni angekumbuka kweli kubeba barua ya mwaka 1968? Na buro zenyewe ziko mbali. Baraka hadi Uvira ni karibu kilometa 90, na mvua ikinyesha barabara hiyo kila mutu anaijua. Mwezi wa 2 mwaka 2025 M23 waliingia Bukavu, mwezi wa 12 wakaingia Uvira. Nani atamwambia muzee apande gari kufuata dosie?

Ndiyo maana katika shule zetu munamuona mwalimu mwenye mvi anashika chaki kwa mukono unaotetemeka. Tusimucheke. Anajua kwamba siku akitoka darasani, na mushahara umetoka.

Sheria hazikosekani. Katiba ya 2006, kwenye kipengele cha 49, inasema mutu wa umri mukubwa ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2016 ilipanga upya mambo ya INSS, ambayo ikawa CNSS, na wafanyakazi wa Leta wakapewa kasa yao, CNSSAP. Lakini zote bado zinauliza lile swali ambalo lubunga haikuuliza. Ndugu zetu wa Zanzibar walifanya namna nyingine: kuanzia mwezi wa 4 mwaka 2016, kila muzee wa miaka 70 na zaidi alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ya serkali ao alivua samaki. Haikuwa feza nyingi, lakini muvuvi naye aliingia kwenye hesabu.

Kuna jambo lingine linatutia haya kuliko pensheni. Mwaka 2021, kule Kalehe, Walungu na Mwenga, katika jimbo letu hili, wamama waliuawa kwa kuitwa wachawi. Mwenga ni jirani yetu. Muzee aliye peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jiko, ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Zamani mashitaka ya namna hii yalipelekwa mbele ya wazee, yakasikilizwa kwa siku nyingi. Leo vijana wanakata neno kwa dakika kumi.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa kila anayesoma kitabu hiki, akiwa Baraka, Fizi-Centre, Nyarugusu ao Ulaya. Chukua daftari. Mukalie muzee wako, umuulize alianza kazi mwaka gani, wapi, chini ya nani, na nani aliyefanya naye kazi angali hai awe shahidi. Wamama pia, hata wale ambao kazi yao ilikuwa shamba tu. Na ile kartasi iliyoliwa na mchwa nusu, musiitupe. Iwekeni kwenye plastiki.