Salome Alitangulia, Saida Akafuata

Septemba 2016 daladala za Buswelu, Mwanza, zilikuwa na wimbo mmoja. Wanafunzi waliorudi shule walijua kila neno la Diamond Platnumz na mwenzake Rayvanny, na walilijua kwa majivuno ya watu wanaodhani kitu ni chao. Kumbe kwenye viti vya nyuma wamekaa kina mama wenye ndoo za dagaa, nao wanaitikia kiitikio bila kukosea, tena kwa lafudhi iliyonyooka zaidi. Wao walikuwa na kiitikio kile tangu 2001.

"Salome" ya 2016 imetokana na "Maria Salome", kibao cha Saida Karoli ambacho watu wengi Kanda ya Ziwa hawakukiita hivyo hata siku moja. Walikiita "Chambua Kama Karanga", na albamu nzima ikabeba jina hilo midomoni mwa watu. Miaka kumi na mitano ilipita kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, na katika miaka hiyo namna ya kutengeneza muziki nchini, kuuuza na kuusikiliza ilibadilika yote. Kiitikio hakikubadilika.

Turudi 2001. Huo ni mwaka ambao Bongo Fleva ilikuwa inasimama kwa miguu yake. Profesa Jay alitoa albamu ya "Machozi, Jasho na Damu". Lady Jaydee, binti wa Shinyanga, alikwishajulikana kwa "Machozi". Vijana walikuwa wanaghani juu ya biti za kompyuta, na kila studio iliyofunguliwa ilitaka sauti ya mjini. Katikati ya hayo akatokea dada kutoka Bukoba, anaimba Kihaya, nyuma yake ngoma za kwao na wachezaji waliovaa kiasili. Mama yake ndiye aliyemfundisha kupiga ngoma akiwa bado mtoto. Meneja wake, Muta, alikuwa na jicho: badala ya kumbadilisha Saida afanane na wenzake wa Dar es Salaam, alimwacha aimbe alivyozoea, kisha akaongeza vyombo vya kisasa kiasi tu cha kumfikisha kwenye kanda.

Huku Usukumani hatukuelewa beti zake. Msukuma wa Buswelu na Mhaya wa Bukoba hawasikilizani wakizungumza lugha zao. Lakini kiitikio kilikuwa cha Kiswahili, kifupi, chenye karanga ndani yake, na karanga kila mtu anazichambua. Halafu kulikuwa na sauti yenyewe: haikupigwa kelele, haikukazwa, ilitoka polepole juu ya ngoma kana kwamba haina haraka ya kwenda popote. Wahaya wa Mwanza walikuwa wengi, meli ya MV Victoria ilikuwa ikilala njiani kati ya Bukoba na bandari yetu, na redio za kanda hii, Radio Free Africa ya hapa Ilemela ikiwa mbele, zilifika mbali kuliko barabara zetu. Wimbo ukavuka mipaka. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wakamjua Saida Karoli kwa jina.

Kisha kanda za kaseti zikafa. Nalisema hili kwa uchungu, maana kanda ndiyo iliyomlisha msanii wa aina yake. Msambazaji alilipa, msanii akapata chake, kidogo lakini kwa mkono. Zilipokuja CD za kunakiliwa vibandani, na baadaye simu zenye kadi za kumbukumbu, nyimbo za Saida zilisikika kila harusi, yeye mwenyewe akazidi kupotea machoni. Uvumi ulivuma kwamba amefariki, naye yu hai. Mtu anayeimbwa na kila mtu akazushiwa kifo kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwona.

Ndipo ikaja "Salome". Weka nyimbo mbili hizi kando kwa kando, uzisikilize kwa makini, utaona kilichofanyika. Ule wa kwanza unaanza na pumzi; Saida anajipa nafasi, ngoma inamsubiri, na kiitikio kinakuja baada ya msikilizaji kukitamani. Wa pili umekusudiwa kuchezwa. Mdundo uko mbele, kiitikio kinashika usukani, na sehemu za Kihaya zimeyapisha mashairi mapya ya Kiswahili. Wapo waliolalamika kwamba heshima imepotea. Mimi sikubaliani nao kabisa. Diamond na Rayvanny walichagua kitu ambacho kizazi chao kilikuwa kimekisahau, wakakiweka mbele ya watu wasiohesabika, na matokeo yake yalionekana mwaka uliofuata: Saida Karoli alirudi studio, akatoa "Orugambo" mwaka 2017, akaitwa majukwaani, akahojiwa, akapigwa picha. Watoto waliouliza "Saida ni nani?" wakajibiwa na Saida mwenyewe.

Hata hivyo nadhani kazi ile ilifanyika nusu. Wimbo ulirudi kwanza, mwenye wimbo akafuata nyuma, na njia iliyo bora zaidi ipo. Tena ina historia ndefu, nyingine ya hapa hapa kwetu.

Ukitoka Buswelu kwenda Kisesa, si mbali, kuna Bujora. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alijenga pale kituo cha utamaduni wa Kisukuma, na makumbusho yake yapo tangu miaka ya 1960. Kila Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hupambana. Asili yao ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa washindani. Taratibu za mashindano ni kali kuliko tuzo zozote za leo: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi. Ukichosha, watu wanakuhama hapo hapo, unawaona migongo. Katika uwanja wa namna hiyo wimbo wa zamani haubaki ulivyo. Kiongozi huuchukua, huubadilisha maneno yaingie mambo ya msimu, huupunguza au huurefusha kulingana na uwanja unavyopumua. Lakini waimbaji wa kundi lake wanajua ni wimbo wa nani, na jina la mtunzi hutajwa. Mtafiti Frank Gunderson alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu alichokichapisha mwaka 2010, na kinachogusa moyo ukikisoma ni jinsi majina ya watunzi yalivyohifadhiwa vinywani mwa watu waliokuwa wakilima tu.

Ng'ambo ya ziwa, kwa kina Saida, kuna enanga. Ni ubao uliochongwa kama hori la ng'ombe, mrefu, wenye meno huku na huku, na uzi mmoja hupitishwa kwenye meno hayo, ukienda na kurudi, mpaka unakuwa nyuzi kadhaa zilizokazwa sambamba. Mpigaji huketi, huuweka ubao mbele yake, huanza kudonoa nyuzi kwa vidole huku akiimba habari za mashujaa wa Buhaya. Profesa Mugyabuso Mulokozi, yule wa "Ngome ya Mianzi", aliwachunguza watu hawa miaka mingi, akaonyesha kwamba kila wanapoimba utenzi wa mashujaa hao wanautunga upya kwa kiasi. Kisa ni kile kile. Usiku huu mashujaa watapewa sifa ndefu, usiku ule wataharakishwa vitani. Kwa hiyo kuurudia wimbo kwa sauti ya chini, chombo kimoja na koo moja, hatukufundishwa na televisheni ya Marekani.

Televisheni hiyo nayo ina nafasi yake katika hadithi hii. Kuanzia 1989 kituo cha MTV kilikuwa na kipindi cha wanamuziki wakubwa kuimba vibao vyao bila magitaa ya umeme. Eric Clapton alikaa kitini mwaka 1992, akashika gitaa kavu, lile wazee wetu wa dansi waliloliita galatoni, akaimba "Layla" yake ya 1970 kwa mwendo wa mtu aliyezeeka na maumivu yale yale. Wengi hawakuutambua mpaka walipofika katikati. Wimbo uliokuwa wa kupiga kelele ukawa wa kunong'ona, na albamu ile ikauzwa kwa mamilioni. Tangu hapo kila mwimbaji wa pop anayetimiza miaka ishirini kazini hutamani kufanya hivyo, na wageni wawili watatu wa kumsindikiza.

Kwetu aliyekaribia zaidi njia hiyo ni Lady Jaydee. Kwa miaka mingi alipiga laivu na Machozi Band jijini Dar es Salaam, akiimba vibao alivyovirekodi kwa biti za studio, safari hii vikibebwa na besi, kinanda na gitaa za watu walio hai. Msikilizaji wa laivu ya namna hiyo hugundua haraka kama wimbo una mifupa. Nyimbo nyingi za kompyuta hazina. Ondoa mdundo, hubakiwi na kitu cha kuimba. Za Jaydee zilisimama.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mzee mmoja wa pwani ya Kenya. Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi, na baada ya vita akarekodi Nairobi nyimbo ambazo wazee wa Afrika Mashariki bado wanazijua, "Tausi Ndege Wangu" na "Majengo Siendi Tena" zikiwemo. Anahesabiwa miongoni mwa wa kwanza Kenya kurekodi kwa gitaa la umeme. Kisha akanyamaza. Miaka ikaenda, vijana wakaimba nyimbo zake wakidhani hazina mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Them Mushrooms, kundi la Mombasa lililoipa dunia "Jambo Bwana", lilimfuata. Halikuchukua nyimbo zake likaondoka nazo. Lilimwingiza studio, mzee akaimba mwenyewe, vijana wakampigia. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ikatoa tena rekodi zake za zamani. Alipofariki mwaka 2000, Kenya ilikuwa inajua imempoteza nani.

Dar es Salaam nako, mwaka 1993, wanamuziki wastaafu wa dansi waliokuwa hawana hata vyombo walikusanywa wakaunda Shikamoo Jazz, wakapiga tena nyimbo za ujana wao.

Upande mwingine wa sarafu ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi miaka ya mwanzo ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka kwenye albamu yao ya 1965. Boney M wakaja, Angélique Kidjo akaja. Wimbo ukazunguka dunia nzima, huku nyumbani watu wakibishana ni nani aliyeutunga, jina la Adam Salim wa Tanzania likitajwa miongoni mwa wadai. Fadhili alifariki mwaka 2001, mwaka ule ule ambao Saida alitokea, na mabishano hayajazimika.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999. Inasema wazi kwamba kubadilisha kazi ya mtu kunahitaji ridhaa ya mwenye haki, na ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo. Kwenye karatasi, mambo yamekaa vizuri. Tatizo ni kwamba sheria inalinda fedha na ruhusa. Haiwezi kumlazimisha mtu amwite mzee aje aimbe. Hilo ni suala la adabu, na vijana wetu wa muziki wana adabu hiyo wakikumbushwa. Mwaka 2013 Mwana FA, kwenye "Kama Zamani", aliwaalika Kilimanjaro Band, wale Wana Njenje, wasimame naye kwenye wimbo mmoja. Hakuna aliyewaona wazee wale kama pambo. Walikuwa na sehemu yao, wakaifanya kwa ustadi wa miaka yote ile.

Ndiyo maana nasema kazi ya "Salome" imebaki nusu, na nusu iliyobaki bado inawezekana. Saida akae mbele. Ngoma zake mwenyewe, enanga moja kutoka Buhaya, galatoni moja, waitikiaji watatu. Beti za Kihaya zirudi zote, kwa mwendo wa 2001. Diamond na Rayvanny wawe wageni, waingie kwenye kiitikio, wamwache aongoze. Uwanja upo Bujora, ambako wanajua kuheshimu mwimbaji na kumhama asiyeimba vizuri. Redio ya kuurusha iko hapa Ilemela, na meli ya kuwaleta wapiga ngoma kutoka Bukoba inafika Mwanza asubuhi.